Jinsi Programu Zilivyofungiwa Kwenye Makontena: Historia Kutoka Chini ya Mlima Meru

Kila mwisho wa mwezi, katika zahanati na vituo vya afya vya vijiji vinavyoizunguka Momela, wahudumu hufungua vitabu vya takwimu vya MTUHA na kuanza kujumlisha. Wajawazito wangapi walihudhuria kliniki, watoto wangapi walichanjwa, wangapi walipimwa malaria na wangapi walikutwa nayo. Jumla zinaandikwa kwenye fomu za muhtasari, kisha zinaingizwa kwenye mfumo wa takwimu za afya wa DHIS2, ama kituoni penyewe kama kuna kompyuta na mtandao, ama kwenye Halmashauri ya Wilaya ya Meru, pale Usa River. Baada ya hapo namba ya mtoto aliyechanjwa karibu na maziwa ya Momela inasomeka Dodoma na Dar es Salaam siku hiyohiyo.

Mwingizaji wa takwimu huona skrini tu. Nyuma ya skrini kuna seva, na ndani ya seva kuna swali ambalo mafundi wamehangaika nalo kwa zaidi ya miaka arobaini: programu iliyoandikwa mahali pengine, kwenye kompyuta nyingine, itawekwaje kwenye kompyuta ya hapa na kufanya kazi vilevile? Jibu linalotawala leo ni kontena, yaani kuifunga programu pamoja na kila inachokihitaji, ili popote itakapofunguliwa isimtafute jirani. Historia ya jibu hilo kwa kawaida husimuliwa kuanzia California. Ukiisimulia kuanzia Arusha, unaona jambo ambalo masimulizi yale hulipita haraka: kila hatua iliyopunguza taabu ya kusakinisha iliongeza utegemezi wa njia na wa maghala yaliyo mbali.

Enzi za diski na sanduku la posta

Kompyuta ya kwanza Tanzania ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Matumaini yalikuwa makubwa, matokeo hayakulingana na gharama, na mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku uingizaji wa kompyuta na vifaa vyake. Marufuku hayo yalilegezwa kidogo kidogo katika miaka ya 1980. Kwa hiyo wakati nchi nyingine zilikuwa zimezoea kompyuta za mezani, hapa mashine zilianza kuonekana kwa wingi maofisini miaka ya 1990, nyingi zikiwa zimekwisha kutumika Ulaya.

Mjini Arusha, mtandao ulianza kwa unyenyekevu. Katika miaka ya 1990 kituo kidogo kilichoitwa Arusha Node Marie kilianza kuwahudumia watu kwa barua pepe. Baadaye kikakua na kuwa Habari Node. Laini za simu zilikuwa ghali na mbovu, na hakuna aliyefikiria kupakua programu nzima kwa njia hiyo. Programu zilikuja kwa mkono: kwanza kwa diski laini, baadaye kwa CD. Fundi aliyekwenda kufunga mfumo kwenye hospitali ya misheni au ofisi ya halmashauri alibeba mkoba wa CD, na kama CD moja ilikuwa imekwaruzika, safari ilikuwa bure.

Enzi hiyo ilikuwa na taabu zake, lakini ilikuwa na sifa moja ambayo tumeisahau. Kilichomo kwenye CD kilikuwa mkononi mwako. Hakuna aliyeweza kukizima akiwa mbali, kukihesabia matumizi au kukibadilishia masharti baada ya kukupa.

Mwaka 2004 mambo mawili yalitokea ambayo yaliwagusa wapenzi wa programu huria Afrika Mashariki. Mnamo Desemba, mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na washirika wake kutoka Sweden ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi inayozungumza Kiswahili. Muda mfupi kabla ya hapo, mnamo Oktoba, lilitoka toleo la kwanza la Ubuntu, mfumo endeshi wa Linux ulioanzishwa na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini. Kampuni yake, Canonical, ilikuwa na huduma iliyoitwa ShipIt: ulijaza fomu, ukaandika anwani yako, na CD zikakujia kwa posta bila malipo. Kwa mwanafunzi mwenye S.L.P. ya shule na asiye na mtandao wa kupakua MB 700, huo ndio ulikuwa mlango wa kuingia Linux. ShipIt ilifungwa Aprili 2011. Canonical waliona kwamba watu sasa wanaweza kupakua wenyewe.

Walikuwa na sababu. Mkongo wa baharini wa SEACOM uliwasha huduma Dar es Salaam Julai 2009, na EASSy ukafuata 2010. Kabla ya hapo karibu kila biti iliyotoka nje ilipita kwenye setilaiti. Baada ya hapo, mkongo wa taifa ukapeleka nyuzi mikoani, Arusha ikiwemo, na modemu za USB zikaingia mitaani. Njia ilifunguka, na namna ya kusakinisha programu ikaanza kubadilika pamoja nayo.

Mfumo mmoja, kompyuta mia

DHIS ni mfano mzuri wa badiliko hilo. Mfumo huu ulizaliwa Afrika Kusini miaka ya 1990, baada ya ubaguzi wa rangi kuanguka, kwa ushirikiano wa watafiti wa huko na wa Chuo Kikuu cha Oslo. Toleo la kwanza lilitegemea Microsoft Access na lilifungwa kwenye kompyuta moja moja. Toleo la pili, DHIS2, lilianza kutumika Kerala, India, mwaka 2006, likiwa limeandikwa upya kwa Java ili liendeshwe kwenye seva na kufunguliwa kwa kivinjari.

Uandishi huo mpya ulileta mahitaji mapya. Ili DHIS2 iamke, kompyuta lazima iwe na Java ya toleo linalokubalika, iwe na Tomcat ya kuiendesha, na iwe na hifadhidata ya PostgreSQL iliyopangwa sawasawa. Kimoja kikiwa cha zamani kuliko inavyotakiwa, au kipya kuliko inavyotakiwa, mfumo hauamki. Sasa fikiria wilaya zaidi ya mia moja, kila moja na kompyuta yake, kila kompyuta na virusi vyake, umeme unakatika katikati ya kuandika, na fundi yuko mkoani. Toleo jipya likitoka, mtu apande basi kwenda kila wilaya.

Kenya ilikuwa inajiandaa kwa kazi hiyohiyo. Mpango wa awali ulikuwa kufunga DHIS2 kwenye kompyuta za wilayani. Majaribio katika Mkoa wa Pwani yakaonyesha kwamba modemu ya simu inatosha kufungua seva iliyo mbali, na mpango ukageuzwa: seva moja, nchi nzima iingie kwa mtandao. Mwaka 2011 Kenya ikawa nchi ya kwanza kusini mwa Sahara kuendesha DHIS2 ya taifa zima kwa njia hiyo. Tanzania, ambako wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walikuwa wamefanya kazi na DHIS kwa miaka mingi, ilieneza mfumo huo mikoa yote katika miaka iliyofuata.

Tatizo la usakinishaji halikufa, lilihama. Lilitoka kwenye kompyuta mia za wilayani na kujikusanya kwenye seva chache za taifa. Hapo kosa moja halikuumiza tena wilaya moja. Liliweza kuizima nchi.

Kuta ndani ya kompyuta

Wakati huohuo, kwenye dunia ya Unix na Linux, wazo la kuzitenga programu ndani ya kompyuta moja lilikuwa limekwisha kusafiri umbali mrefu.

Mwaka 1979, katika maabara za Bell Marekani, Unix ya toleo la 7 iliongezewa amri ya chroot. Amri hiyo iliifanya programu ione saraka moja kana kwamba ndiyo mfumo mzima wa mafaili. Ilikuwa pazia kuliko ukuta, maana programu yenye nguvu za msimamizi iliweza kulifunua. Machi 2000, FreeBSD 4.0 ilikuja na kitu kigumu zaidi, jela, kazi ya Mdenmark Poul-Henning Kamp. Kila jela ilikuwa na mafaili yake, watumiaji wake na anwani yake ya mtandao. Solaris ikafuata na kanda zake katikati ya muongo huo.

Upande wa Linux, kazi iliendelea vipande vipande. Kuanzia 2006, Paul Menage na Rohit Seth, wahandisi wa Google, walitengeneza njia ya kuzigawia programu kiasi cha kumbukumbu na nguvu za prosesa, ili moja isile zote. Kazi hiyo, iliyokuja kuitwa cgroups, iliingia kwenye kerneli, yaani kiini, ya Linux 2.6.24, Januari 2008. Kipande cha pili kilikuwa namespaces, kinachoifanya kila programu ione orodha yake tu ya michakato, mtandao wake tu na watumiaji wake tu. Mwaka 2008 vipande hivyo viliunganishwa katika zana iliyoitwa LXC, na Linux ikawa na makontena yake bila kutegemea viraka vya pembeni.

Tofauti ya kontena na kompyuta pepe inaeleweka vizuri uswahilini. Kompyuta pepe ni nyumba kamili yenye mita yake ya LUKU na tangi lake la maji. Kuijenga ni gharama, na kila moja inabeba mfumo endeshi wake mzima. Makontena ni wapangaji wa nyumba moja ya vyumba: kila mmoja ana kufuli lake na hamwoni mwenzake ndani, lakini paa, mita na bomba ni vya pamoja. Kinachotumiwa kwa pamoja ni kerneli. Ndiyo maana kontena huamka kwa sekunde, na seva inayobeba kompyuta pepe tano inaweza kubeba makontena kadhaa ya ziada. Na ndiyo maana pia, kerneli ikiwa na tundu, wapangaji wote wako hatarini.

Dakika tano za Santa Clara

LXC ilikuwa ya mafundi. Aliyeifanya kontena kuwa bidhaa ya kila mwandishi wa programu alikuwa Solomon Hykes, Mmarekani aliyekulia Ufaransa, akiwa na kampuni iliyoitwa dotCloud. Tarehe 15 Machi 2013, kwenye mkutano wa PyCon huko Santa Clara, alipewa dakika chache tu akaonyesha zana aliyoiita Docker. Mwezi huohuo ikatolewa huria. Kufikia Oktoba kampuni yenyewe ilikuwa imejibadilisha jina na kuwa Docker, na Juni 2014 toleo la 1.0 likatoka.

Docker haikubuni ukuta mpya. Toleo la mwanzo lilipanda juu ya LXC. Ubunifu wake ulikuwa kwenye usafirishaji. Iliifanya programu kuwa imeji, yaani mzigo uliofungwa kwa matabaka. Tabaka la chini ni mfumo, la juu yake ni Java, la juu zaidi ni programu yenyewe. Ukitengeneza toleo jipya, tabaka lililobadilika tu ndilo linalosafiri. Maelekezo ya kuijenga imeji yaliandikwa kwenye faili fupi ambalo yeyote aliweza kulisoma, na imeji zenyewe zikawekwa kwenye ghala la pamoja mtandaoni, Docker Hub. Amri moja ikawa inaleta PostgreSQL iliyokwisha kupangwa, nyingine Tomcat, nyingine mfumo mzima.

Hapo ndipo fundi wa Arusha alipokutana na milango mitatu.

Mlango wa kwanza ulikuwa kompyuta yenyewe. Docker ilitaka Linux ya biti 64 na kerneli ya 3.8 au mpya zaidi. Ubuntu 12.04, iliyokuwa imeenea wakati ule, haikuwa nayo. Ilibidi kwanza upandishe kerneli ya toleo la baadaye ndipo usakinishe. Kompyuta za maabara za biti 32, zile zilizokuja kama msaada, zilibaki nje moja kwa moja.

Mlango wa pili ulikuwa jina. Kwenye Debian na Ubuntu tayari kulikuwa na kifurushi kiitwacho docker, programu ndogo ya kupanga aikoni chini ya skrini. Kwa hiyo Docker ya makontena ikapewa jina docker.io, na waliokurupuka na jina fupi wakapata kitu kingine kabisa. Baadaye kampuni yenyewe ikatoa docker-ce kutoka kwenye ghala lake. Hadi leo ushauri kwa anayeanza ni uleule: ondoa kwanza vifurushi vya zamani, ongeza ufunguo wa ghala rasmi, ndipo usakinishe, halafu jaribu kwa imeji ndogo ya salamu kabla ya kugusa kazi ya kweli.

Mlango wa tatu ulikuwa Windows, na wengi walikwama hapo, kwa sababu kontena la Linux linahitaji kerneli ya Linux. Njia ya kwanza ilikuwa kuficha kompyuta pepe ndogo ya Linux nyuma ya pazia, kwanza kwa boot2docker, kisha kwa Docker Toolbox ya 2015. Mwaka 2016 ikaja Docker ya Windows na ya Mac, lakini ya Windows ilidai Hyper-V, ambayo Windows 10 ya Home haikuwa nayo. Mwanafunzi mwenye kompyuta mpakato ya kawaida alisubiri hadi 2020, WSL 2 ilipofika na kuiweka kerneli halisi ya Linux ndani ya Windows. Hata hapo alitakiwa aingie kwenye mipangilio ya BIOS awashe uwezo wa kompyuta pepe, na akiwa na RAM ya GB 4 angeona mashine ikihema.

Seva za afya zachagua njia yake

Mtu angetarajia mifumo ya afya ikimbilie Docker. Kwenye seva za DHIS2 hadithi ilikwenda tofauti kidogo.

Canonical walikuwa wameendeleza LXC wakatoa LXD, iliyotangazwa mwishoni mwa 2014. Docker hupenda kontena lenye mchakato mmoja, linaloweza kutupwa na kuundwa upya wakati wowote. LXD hutoa kontena linalofanana na seva kamili: unaingia ndani, unasasisha vifurushi, unasoma kumbukumbu za matukio, unaweka zamu za usiku. Kwa msimamizi wa wizara aliyejifunza kazi kwenye Ubuntu, hiyo ni nyumba anayoijua.

Mwishoni mwa muongo wa 2010, Bob Jolliffe wa timu ya DHIS2 ya Chuo Kikuu cha Oslo alitengeneza mkusanyo wa zana wa kusakinisha DHIS2 kwa LXD, dhis2-tools-ng. Mpangilio wake ni somo zuri kwa yeyote anayefunga seva. Unaanza na Ubuntu tupu iliyosasishwa. Unafunga milango ya mtandao, ukiacha wa SSH na wa wavuti peke yake. Unasakinisha LXD, unaipa hifadhi na daraja la mtandao wa ndani. Kisha unazaa makontena: moja la mlinda mlango anayepokea maombi na kushughulikia vyeti vya usalama, moja la PostgreSQL, moja la ufuatiliaji, na moja kwa kila DHIS2, ya kazi, ya mafunzo na ya majaribio. Hifadhidata haionekani kutoka nje kamwe; huifikia anayeruhusiwa tu, kwenye mtandao wa ndani. Zana zilizofuata zimeyaandika maelekezo hayo kwa Ansible, ili seva nzima ijengwe upya kwa kusoma faili badala ya kutegemea kichwa cha fundi mmoja.

Faida inaonekana siku ya kubadili toleo. Msimamizi anapiga picha ya kontena, anasasisha, na mambo yakiharibika anarudi kwenye picha ile kwa dakika chache. Java ya mfumo wa mafunzo inaweza kuwa mpya na ya mfumo wa kazi ikabaki ya zamani, wala zisigombane. Ugomvi wa matoleo uliowapandisha watu mabasi ukamalizikia ndani ya seva moja.

Docker nayo haikukosa nafasi. Timu ya DHIS2 hutoa imeji zake kwa ajili ya waandishi wa programu, na OpenMRS, mfumo wa kumbukumbu za wagonjwa ulioanza kutumika Eldoret, Kenya, mwaka 2006, leo hujaribiwa na kusambazwa kwa imeji za Docker. Mwenye kuitumia Docker kwenye seva ya hospitali anapaswa kujua mtego mmoja: Docker inapofungua mlango wa kontena, huandika kanuni zake kwenye ngome ya moto na kuipita ufw ya Ubuntu. Msimamizi anaweza kuamini amefunga mlango wa hifadhidata huku ukiwa wazi kwa dunia. Tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ianze kutumika Mei 2023, kosa hilo halibaki la kiufundi tu. Lina kesi ndani yake. Dawa ni kuufungia mlango huo kwenye anwani ya ndani, 127.0.0.1, au kutoutangaza kabisa.

Ushuru wa ghala

Kwa miaka yake ya kwanza, ghala la Docker Hub lilikuwa kama kisima cha umma. Tarehe 2 Novemba 2020 likawekewa kipimo: asiyejisajili, mizigo 100 kila saa sita, aliyejisajili bure, 200. Kwa mtu mwenye laini yake mwenyewe hicho ni kiasi kikubwa. Lakini asiyejisajili alihesabiwa kwa anwani ya mtandao, na kwenye vyuo na kampuni nyingi Afrika Mashariki kompyuta zote hutoka nje kwa anwani moja ya pamoja. Darasa la wanafunzi 50 wanaofuata zoezi lenye imeji tatu wanamaliza posho ya chuo kizima kabla ya chai ya saa nne, na ujumbe wa kukataliwa unamfikia hata fundi wa chuo aliyekuwa hajui kuwa kuna zoezi.

Tarehe 31 Agosti 2021 ukaja ushuru wa pili. Docker Desktop, ile ya Windows na Mac, ilibaki bure kwa mtu binafsi, kwa elimu na kwa biashara ndogo; kampuni yenye wafanyakazi zaidi ya 250 au mapato ya zaidi ya dola milioni 10 kwa mwaka ilitakiwa kulipa, na taasisi za serikali zikawekwa upande wa walipaji. Injini ya Docker kwenye Linux ilibaki huria. Red Hat walikuwa wamekwisha kuondoka: toleo lao la Linux, RHEL 8, la Mei 2019 liliweka Podman mahali pa Docker, zana isiyohitaji mtumishi mwenye nguvu za msimamizi kukaa macho wakati wote.

LXD nayo haikupona. Julai 2023 Canonical waliuondoa mradi huo mikononi mwa jumuiya ya Linux Containers na kuuweka chini yao wenyewe. Mwezi uliofuata jumuiya ikazaa mrithi, Incus, na baadhi ya waliokuwa wakiijenga LXD wakahamia huko. Msimamizi wa seva aliyekuwa akifuata maelekezo ya miaka mitatu nyuma akakuta njia panda.

Pigo la wazi zaidi lilitoka baharini. Tarehe 12 Mei 2024 mikongo ya SEACOM na EASSy ilikatika kwa pamoja, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoumia zaidi. Mtandao ulikuwapo, lakini ulitambaa. Kontena lililokuwa linaendelea kwenye seva ya ndani halikujali, kwa sababu kila inachohitaji programu kilikuwa ndani yake. Aliyetaka kusakinisha kipya, au kuirudisha seva iliyoanguka kwa imeji ambayo hakuwa nayo, alikaa akiitazama asilimia isiyosogea.

Arusha inavyoweza kufanya

Mambo hayo manne, kipimo cha 2020, leseni ya 2021, mgawanyiko wa 2023 na kukatika kwa 2024, yana fundisho moja. Kontena liliondoa utegemezi kati ya programu na kompyuta, likaleta utegemezi kati ya kompyuta na ghala. Mtegemea cha nduguye hufa maskini, na katika kazi hii nduguye ni ghala lililo ng'ambo ya bahari.

Dawa inajulikana na haihitaji fedha nyingi. Programu ya ghala la imeji yenyewe ni huria. Inasakinishwa kwenye seva moja ya chuo na kuwekwa kama kituo cha kati. Imeji ikiombwa mara ya kwanza inatoka nje, mara zote zinazofuata inatoka hapohapo, na darasa la 50 linahesabiwa mzigo mmoja badala ya hamsini. Pasipo na mtandao kabisa, amri ya docker save huigeuza imeji kuwa faili la kubebwa kwa flashi, na docker load huifungua upande wa pili. Imeji zinazojengwa juu ya Alpine Linux zina msingi usiofika MB 10, kwa hiyo hata bando la simu linaweza kuzibeba. CD za ShipIt zimerudi kwa umbo jingine, safari hii tukizichoma wenyewe.

Akiba haiozi, lakini imeji huoza. Kila mara hugunduliwa matundu mapya ya usalama kwenye Java, kwenye PostgreSQL na kwenye maktaba zilizomo ndani ya matabaka. Ghala la ndani lisilo na mtu wa kulisasisha ni hatari kuliko kukosa ghala, kwa sababu husambaza ubovu kwa kasi. Kwa hiyo kazi hii inataka taasisi, haitoshi kumwachia fundi mmoja mwenye bidii.

Taasisi hizo Arusha inazo. Tengeru, kwenye barabara ileile ya kwenda Usa River na kupanda Momela, kuna Taasisi ya Afrika ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela, iliyoanza kupokea wanafunzi 2011. Mjini kuna Chuo cha Ufundi Arusha, kinachofundisha tangu 1978, na Chuo cha Uhasibu Arusha chenye wanafunzi wengi wa TEHAMA. Mji una kituo chake cha kubadilishana data, ambacho huruhusu mtandao mmoja wa Arusha kuongea na mwingine bila kuzunguka Dar es Salaam. Ghala la pamoja la imeji na vifurushi vya Linux, likiwekwa kwenye kituo hicho na kutunzwa kwa zamu na vyuo vitatu, lingewahudumia wanafunzi, hospitali na ofisi za mkoa kwa kasi ya ndani na bila kipimo cha mtu mwingine.

Anayeanza leo asisubiri hayo yote. Asakinishe injini ya Docker au Incus kwenye Ubuntu ya seva, aandike toleo la kila imeji anayoitumia badala ya kuandika "ya mwisho", ahifadhi nakala ya imeji hizo kwenye diski yake, na ajaribu mara moja kuinua mfumo wake akiwa amechomoa waya wa mtandao. Mfumo ukiamka, usakinishaji umekamilika. Usipoamka, bado ni mfumo wa kuazima.